Kwa kipa aliyeachwa dirisha hili

Kipa mmoja kijana alinipigia simu usiku, siku chache baada ya dirisha la usajili kufungwa. Simtaji jina wala timu. Alikuwa ameachwa, taarifa ameipata kwa ujumbe wa WhatsApp, na aliniuliza swali moja tu: "Kaka, wewe baada ya kudaka ulianzia wapi?" Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu la kwenye simu lingekuwa la kumliwaza tu, na yeye hakuomba kuliwazwa. Nayaweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mdogo wangu, nianze na unachokijua tayari, ili uone kwamba nami nakijua. Nafasi ya kipa ni moja. Beki akikosa namba kushoto atajaribiwa kulia, winga atasogezwa ndani, lakini kipa wa pili anakaa benchi na kipa wa tatu anapasha misuli na wenzake kisha anakwenda kukaa jukwaani. Sasa angalia ligi yenyewe. Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20. Msimu uliofuata zikawa 18, uliofuata tena zikawa 16. Timu nne zikipungua, malango manne yanapungua, na makipa waliokuwa nyuma yao wanabaki barabarani na mabegi yao. Juu ya hapo timu kubwa zimekwenda kutafuta makipa nje: Yanga wakamleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021, Simba wakamleta Ayoub Lakred wa Morocco, baadaye Moussa Camara wa Guinea. Silalamiki. Diarra namkubali, nikipata nafasi huenda kibanda umiza kumtazama anavyoanzisha mashambulizi kwa miguu. Nasema hivi ili usije ukaamini kwamba umeachwa kwa sababu hufai. Hesabu yenyewe ilikuwa imekubana kabla kocha hajaandika orodha.

Na huku kwetu kusini hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu timu zetu huja na kuondoka. Umri wako haukumbuki vizuri, lakini Mbeya City walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 walimaliza nafasi ya tatu, timu ya halmashauri iliyotoka daraja la kwanza, na uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa tangu saa sita mchana. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na ndiyo sababu nikaamini kwamba mpira wa Nyanda za Juu unaweza kumlisha mtu. Lipuli ya Iringa nayo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao moja, na mwaka uliofuata ikashuka. Ihefu walitoka Mbarali wakaenda Singida na jina likabadilishwa, leo ni Singida Black Stars. KenGold ya Chunya ilipanda 2024, ikashuka 2025. Mbeya City wenyewe walishuka, ndiyo wamerudi tena 2025. Timu ikishuka, mchezaji wa ndani hushuka nayo. Kipa wa akiba hushuka zaidi.

Nilidaka zaidi ya miaka kumi, Mbeya, Iringa, kisha Mbeya tena. Sitaki kuzirefusha habari zangu za uwanjani, wanaonikumbuka wananikumbuka. Ila kuna kitu kimoja nakipenda hadi leo. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira ukipigwa kwa nguvu unakwenda kasi zaidi kuliko pwani na haupindi sana. Makipa wa Dar walikuwa wakija Sokoine wanaruka wakati mpira umeshapita. Sisi tuliokulia huku tulikuwa tunausoma kwenye mguu wa mpigaji, kabla haujatoka. Ujuzi ule hakuna aliyenifundisha darasani. Niliupata kwa kupigiwa mashuti maelfu kwenye baridi ya Juni na Julai, vidole vimekufa ganzi ndani ya glovu.

Mwisho wangu ulikuwa wa kawaida. Bega la kulia lilikuwa limechoka, mkataba ukaisha, timu ikanyamaza. Hakuna aliyeniita ofisini. Niliona orodha ya makipa wapya mtandaoni kama mashabiki wengine, nikaenda kambini kuchukua vitu vyangu, na mpishi wa kambi ndiye pekee aliyenisindikiza hadi getini. Posho za miezi ya mwisho nilizifuatilia, nyingine nikapata, nyingine hadi leo.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize. Wengi watakwambia kwamba utakachokikosa ni kelele za mashabiki. Mimi sikuzikosa. Nilichokosa ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwili uliamka wenyewe, kama ulivyozoea, na hapakuwa na mtu anayenisubiri. Kwa miaka yote ile kulikuwa na kocha wa makipa amesimama uwanjani na mipira, kulikuwa na mabeki wanaotaka nipige kelele nyuma yao, kulikuwa na daktari wa timu anayeuliza bega limeamkaje. Ghafla nina siku nzima na hakuna hata mmoja ambaye mambo yake yataharibika nisipotokea. Njiani watu bado waliniita "Kipa! Kipa!", na nilifurahi, lakini salamu hiyo haimpi mtu sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Mke wangu aliliona kabla yangu. Aliniambia, "Baba watoto, wewe hujafilisika, wewe hutumwi na mtu." Nililala nikiwaza neno hilo usiku kucha.

Wenzangu waliochezea Prisons wakiwa askari wa Magereza walikuwa na pa kurudi: mpira ukiisha, kazi ipo, sare ipo, paredi ipo. Hata ukimtazama Alphonce Simbu, aliyetupa dhahabu ya kwanza ya dunia kwenye marathoni kule Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Siku miguu ikigoma bado atakuwa na kambi ya kuripoti. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alijenga shule Kibaha, na kuna watoto waliosoma pale wakamjua kwanza kama mwenye shule, baadaye ndiyo wakaambiwa alikimbia. Sisi wachezaji wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja hatuna kambi wala shule. Inabidi mahali hapo tupatafute kwa miguu.

Watu waliniambia niwe kocha wa makipa. Ni kazi nzuri na Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Taifa Stars, ameionyesha njia. Lakini nawe piga hesabu ileile: timu 16, kila moja kocha wa makipa mmoja. Kama una moyo nayo, kachukue kozi, nitakuunga mkono. Mimi moyo wangu haukuwa huko wakati ule. Nilihitaji kuwa mbali na lango kwanza.

Nikaenda Rungwe kwa mama mdogo wangu, upande wa Kiwira. Nilikwenda kumsaidia kuezeka banda la ng'ombe, nikakaa. Ana shamba la migomba, chai kidogo, na parachichi, na pembeni ya nyumba ana kitalu cha miche. Nilikuwa naliona jambo la parachichi kama kila mtu wa huku anavyoliona, malori yanapita, watu wanajenga nyumba za bati jipya. Sikujua kwamba ndani yake kuna kazi ya mikono ya namna ile.

Nikueleze, kwa sababu ndiyo iliyonirudisha. Mbegu ya parachichi la kienyeji hupandwa kwenye kiriba chenye udongo uliochanganywa na mboji. Mama mdogo huiloweka kwanza kwenye maji ya moto kiasi, yasiyofikia kuchemka hata kidogo, kuua ugonjwa unaoozesha mizizi, maana Tukuyu mvua ni nyingi na mparachichi hauvumilii mizizi iliyolala majini. Mche ukifikia unene wa penseli, unabebeshwa. Unakwenda kwenye mti mama wa Hass, aina ya parachichi la kuuza nje, uliokomaa, unachagua kikonyo chenye macho yaliyovimba kidogo lakini hayajafunguka. Unaukata mche wa chini mlalo, unaupasua katikati, unakichonga kikonyo pande mbili kama kabari, unakichomeka ili ganda la huku liguse ganda la kule, unafunga kwa utepe wa nailoni, kisha unavisha kimfuko cha plastiki kisipoteze maji. Mti wa kienyeji unatoa mizizi inayoijua ardhi ya hapa, Hass inatoa tunda ambalo soko la nje linalitaka. Na Hass hiyo ilianzia kwa mtu mmoja wa California, Rudolph Hass, aliyekuwa tarishi wa posta, akasajili mti wake mwaka 1935. Leo iko nyuma ya nyumba ya mama mdogo.

Yote hayo yanafanyika kwa muda mfupi sana. Kidonda cha mti kikikauka au kikibadilika rangi kabla hujakifunga, mche haushiki. Kisu kiwe na makali, mkono usitetemeke, jicho lisiondoke. Mama mdogo hakuniruhusu kugusa mche wake mara moja. Alinipa matawi ya mpera nifanyie mazoezi, kukata na kupasua, kukata na kupasua, naye anakaa kwenye kigoda akimenya ndizi na kunitazama. Siku aliyoniachia mche wa kweli nilishika kisu na nikajisikia vilevile nilivyokuwa najisikia penalti inapowekwa. Kimya kinaingia kichwani, vitu vingine vyote vinaondoka. Nilidhani hisia ile nimeiacha Sokoine. Baada ya wiki kadhaa macho ya kile kikonyo yalifunguka, majani madogo ya rangi ya shaba, na mama mdogo akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na kuniletea kiriba kingine, halafu kingine. Bega langu halikuwa na kazi hapo. Vidole ndivyo vilivyofanya kazi, na vidole vya kipa, hata vile viwili vyangu vilivyopinda, vinajua kupima.

Kama ningeishia hapo ningekuandikia kwamba nimepata riziki, na ingetosha. Lakini swali lako lilikuwa zaidi ya riziki.

Pale kijijini kuna timu ya vijana inayocheza ligi ya wilaya. Uwanja wao umeinama upande mmoja, ukipiga kona ya kule chini unapandisha mlima. Wazee wa huku wanaozungumza mpira huanza na Tukuyu Stars, waliotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, timu ya mji mdogo namna hii ikaziacha nyuma timu za Dar. Vijana wamesikia habari hiyo tangu wakiwa mgongoni. Walipojua nipo, walikuja kuniomba niwafundishe kipa wao. Nikaenda, nikakuta hawana nyavu, mipira miwili imepasuka, na hela ya kujisajili ligi hawana. Msimu wa mavuno wenyewe ulikuwa umeanza na wengi wao walikuwa vibarua wa kuchuma parachichi, wakilipwa kidogo na kugombana na wenye mashamba kila jioni.

Niliufuatilia ugomvi huo. Parachichi la kusafirishwa nje halichumwi kama la kula nyumbani. Linakatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi, maana ukilinyofoa, pale juu panabaki kidonda na kuoza kunaanzia hapo. Likidondoka chini, hata lisionyeshe alama, ndani limepondeka na likifika kule litaonekana jeusi. Wakala wa mnunuzi analijua hilo, kwa hiyo anakataa mzigo. Mwenye shamba anamkata kibarua malipo. Kibarua, ambaye hakuna aliyemfundisha, amepanda mti na kuutikisa kwa sababu analipwa kwa kreti na anataka kumaliza haraka. Kila mmoja ana hasira na kila mmoja ana sababu. Akina mama wajane wenye miti michache ndio walioumia zaidi, kwa kuwa kwao kreti mbili zilizokataliwa ni ada ya mtoto.

Nikawaambia vijana: mnajua kucheza kwa nafasi, tuchume kwa nafasi. Tulianza na shamba la mama mdogo. Wawili kwa mti mmoja. Mmoja juu na mkasi na mfuko wa shingoni, mmoja chini ambaye hafanyi kitu kingine ila kupokea na kupanga kwenye kreti kivulini. Tawi la mbali tunatumia mti mrefu wenye mkasi na mfuko nchani. Hakuna tunda linalogusa ardhi; likigusa linawekwa pembeni, la soko la hapa hapa. Aliye chini anamwongoza aliye juu kwa sauti, "kushoto kwako, nyuma ya bega, acha hilo bado," kama kipa anavyompanga beki. Makinda niliwapigia kelele siku nzima nikatoka na sauti imekauka, na nilipokuwa narudi nyumbani nilijikuta ninaimba.

Wakala alipofungua kreti zetu alirudisha matunda machache mno. Habari ikaenda, wewe unaijua Rungwe. Kesho yake alfajiri simu yangu iliita kabla sijaamka vizuri: mama mmoja, mjane, ananiita "mwanangu" na hajawahi kuniona. "Ninyi mnaochuma bila kuangusha, mtakuja kwangu lini?" Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu. Nilikaa kitandani na simu mkononi na macho yangu yakajaa machozi, nakwambia bila aibu. Kuna mtu ambaye mambo yake yangeharibika nisipotokea.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, mdogo wangu, na ndicho nataka ukitafute wewe. Usianze na kuuliza kazi gani inalipa, ingawa utakula nini ni jambo la kweli na silidharau. Angalia ni wapi hapo ulipo watu wanapata hasara kwa kukosa mtu makini anayetokea kwa wakati. Kipa ni mtu wa namna hiyo tayari. Amefundishwa kukaa dakika themanini bila kuguswa na mpira na bado awe tayari dakika ya themanini na moja. Sijaona shamba, karakana wala duka lisilomhitaji mtu huyo.

Vijana wenyewe walikubaliana kwamba kila siku ya kuchuma, sehemu ya malipo iingie kwenye mfuko wa timu. Mweka hazina ni mama muuza maziwa asiyemwogopa mtu, anaandika kwenye daftari la mistari na kila Jumapili anasoma mahesabu mbele ya wote. Nyavu zipo sasa. Ada ya ligi ililipwa kwa wakati. Kipa wao namfundisha jioni, kijana mrefu mwenye mikono mizuri, na namfundisha pia kubebesha, asubuhi, kwa sababu nataka ujuzi wa pili aupate akiwa bado kijana na miguu ikiwa mizima. Mama mdogo anasema kisu anakishika vizuri kuliko mimi. Huenda ni kweli.

Mambo mawili ya haraka kabla sijamaliza. Mikataba yako yote ya zamani itafute na uitunze, na posho unazodai ziandike kwa tarehe, ufuatilie kwa maandishi; maneno ya mdomoni hayana pa kushtakiwa. Na nenda NSSF ukaulize kuhusu kujichangia mwenyewe, maana mtu aliyejiajiri naye anapokelewa. Usisubiri timu ikufanyie. Glovu zako usiziuze. Si kwa ajili ya kumbukumbu. Utamfundisha nazo mtoto wa mtu.

Uliniuliza pia kama maumivu ya kuachwa yanaisha. Yangu yamepungua. Ligi ikianza huwa nakuwa mkimya siku mbili tatu, mke wangu anajua na ananiacha. Nikisikia Mbeya City au Prisons wana mechi Sokoine napanda Coaster kule Kiwira, nashuka mjini, nalipa kiingilio changu na kukaa nyuma ya lango. Nawatazama makipa tu. Sitaki kukudanganya kwamba nimefika mahali ambapo hakuna kinachoniuma. Ila siku hizi nikirudi jioni nina watu wa kuwapigia kupanga kesho.

Huku Rungwe mavuno huanza mapema kuliko Njombe, kwa sababu kule ni juu zaidi na baridi huchelewesha tunda kukomaa. Kwa hiyo tukimaliza hapa mwaka huu tumeombwa kwenda Njombe na kikosi kizima, na wachumaji nilionao hawatoshi mashamba ya kule. Nahitaji mtu wa kusimamia kundi la pili, mwenye sauti, anayeamka bila kuamshwa. Nauli ya kutoka ulipo hadi Kiwira nitakutumia. Njoo na koti, na uje na zile glovu, jioni tuna mazoezi.